Mkono wa Sawamura: barua ya wazi kwa wanaotoa tuzo yenye jina lake

Kwa: Kamati ya Uteuzi ya Tuzo ya Sawamura, Tokyo
Nakala: Uongozi wa Ligi ya Besiboli ya Kulipwa ya Japani, Uongozi wa klabu ya Yomiuri Giants

YAH: KIGEZO CHA MECHI KAMILI NA HISTORIA YA SAWAMURA EIJI

Shikamooni wazee wangu.

Naandika kutoka Dar es Salaam, mji ambao besiboli bado ni mchezo wa watu wachache, na wengi wa hao wachache walioneshwa na Wajapani namna ya kushika mpira. Uwanja wetu uko Shule ya Sekondari Azania, na umejengwa kwa msaada wa nchi yenu. Glavu nyingi tunazotumia zimetoka kwenu zikiwa zimeshatumika. Ukiigeuza ndani unakuta jina la mtoto aliyekuwa nayo kwanza, limeandikwa kwa wino mweusi, kwa herufi ambazo vijana wangu hawawezi kuzisoma. Kazi yangu ni kuwanoa warushaji. Nalitaja hilo mapema ili msidhani anayewaandikia ni mpita njia aliyeona vumbi akataka kujua kuna nini.

Lililonileta ni hili. Oktoba 2019 mlikutana kumchagua mshindi wa Tuzo ya Sawamura, ile inayopewa mrushaji wa ligi ya kulipwa ya Japani, mkatoka kikaoni mkisema msimu ule hapakuwa na anayestahili. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu mwaka 2000. Mwaka 2024 likatokea tena. Lawama kubwa imekuwa ileile, kwamba warushaji wa siku hizi hawamalizi mechi wanazozianza. Yamaguchi Shun na Arihara Kohei waliongoza ligi zao mwaka 2019 kwa ushindi 15 kila mmoja, ila mmoja hakuwa na mechi kamili hata moja na mwenzake alikuwa nayo moja tu. Wakaachwa.

Ndugu wasomaji wasioujua mchezo huu wanivumilie kidogo. Mechi ya besiboli ina vipindi 9. Mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Jioni moja anaweza kurusha mipira zaidi ya 100, na akichoka anapokewa na mwingine. Asipopokewa, akaanza yeye na kumaliza yeye, hiyo ndiyo mechi kamili. Tuzo ya Sawamura ilianzishwa mwaka 1947, na kwa miaka mingi miongoni mwa vigezo vyake saba zilikuwamo mechi kamili 10 na vipindi 200 kwa msimu mmoja.

Najua vigezo hufanyiwa marekebisho. Mwaka 2018 mliongeza kipimo cha kuangalia ni mara ngapi mrushaji amefikisha vipindi 7 bila kuruhusu mikimbio, yaani pointi za wapinzani, zaidi ya mitatu, na mlifanya vizuri. Kwa hiyo sigombani nanyi juu ya namba. Iwe mechi 10, iwe 8, iwe 5, ninachokataa ni fikra iliyozaa namba hizo, kwamba ukubwa wa mrushaji unaonekana kwa jinsi anavyokubali kuumaliza mkono wake. Na ninaikataa kwa kumtaja mtu yuleyule mliyemwandika juu ya tuzo.

Wazee wangu mnamjua Sawamura Eiji kuliko mimi. Lakini wengi wanaosoma hapa hawamjui, na hata kwenu naona anasimuliwa nusu.

Alizaliwa mwaka 1917 Ujiyamada, mkoa wa Mie, mji ambao leo unaitwa Ise. Tarehe 20 Novemba 1934, katika uwanja wa Kusanagi mjini Shizuoka, alisimama mbele ya kikosi cha nyota wa Marekani akiwa na miaka 17. Akawatoa mfululizo kwa straiki, yaani kila mmoja akashindwa mipira mitatu mizuri, Charlie Gehringer, Babe Ruth, Lou Gehrig na Jimmie Foxx, wanne ambao kila mmoja leo yumo katika ukumbi wa magwiji wa besiboli wa Cooperstown, Marekani. Alirusha vipindi 8, akafungwa mkimbio mmoja tu, Gehrig alipoutoa mpira nje ya uzio katika kipindi cha saba, na Japani ikapoteza 1-0. Nchi nzima ikamkumbuka aliyeshindwa. Hadi leo nje ya uwanja huo ipo sanamu yake, na ya Ruth pia.

Watu wakifika hapo husimama wakapiga picha. Mimi ningeomba waangalie bei aliyoilipa ili aingie uwanjani siku ile. Wizara ya Elimu ya Japani ilikuwa imekataza tangu 1932 wanafunzi kucheza na wachezaji wa kulipwa. Ili acheze dhidi ya Ruth, Sawamura aliacha shule yake ya Kyoto kabla ya kuhitimu, na safari ya chuo kikuu ikafia hapo. Vita na China vilipopamba moto, aliyekuwa na jina lake kwenye daftari la chuo aliahirishiwa kuitwa jeshini. Ahueni hiyo iliendelea hadi ilipofutwa mwaka 1943. Wachezaji wenzake kadhaa waliandikishwa vyuo vya jioni kwa ajili hiyohiyo. Yeye, nyota kuliko wote, hakuwa na cheti cha kumwingiza chuo. Mchezo ulimtoa shuleni, na kukosa shule kukamfanya awe miongoni mwa wa kwanza kwenda vitani.

Lakini kabla hajaenda, kwanza alicheza. Septemba 1936, ligi ya kulipwa ikiwa haijatimiza mwaka, alirusha mechi nzima bila wapinzani kupata pigo hata moja, yaani hakuna aliyeupiga mpira akafika salama kituo cha kwanza, ya kwanza ya namna hiyo katika ligi yenu. Mei 1937 akarudia, tena dhidi ya timu ileile, Tigers ya Osaka. Msimu wa machipuko mwaka huo alishinda mechi 24 akapoteza 4, akarusha vipindi 244, na mikimbio aliyoruhusu ilikuwa wastani wa 0.81 kwa kila vipindi 9. Akawa mchezaji bora wa kwanza kutangazwa na ligi. Alikuwa na miaka 20. Mguu wa kushoto anaunyanyua juu kabisa, mwili unalala nyuma, halafu mkono unatoka juu kama mjeledi. Nimewaonesha vijana picha zake na sasa nusu yao wanajaribu kunyanyua mguu hivyo na kuanguka.

Januari 1938 akaitwa, akaingia kikosi cha miguu cha 33, akapelekwa China.

Hapa ndipo nataka tukae.

Jeshi likipata mrushaji bora wa nchi, linafanya naye nini? Linampa bomu la mkono. Bomu la mkono la jeshi la Japani wakati ule lilikuwa na uzito wa karibu gramu 450. Mpira wa besiboli una gramu 145 hivi. Ni mara tatu. Wazee wangu, nyinyi mlikuwa warushaji, kwa hiyo hesabu hii mnaweza kuifanya kwa kiwiko bila kalamu. Mkono uliozoea kitu chepesi una mwendo wake: bega linatangulia, kiwiko kinafuata, kiganja kinamalizia. Ukiweka uzito mara tatu mwishoni, mwendo ni uleule lakini mkono unachelewa nyuma, na kinachobeba ucheleweshaji huo ni misuli midogo ya bega. Sawamura alitakiwa kurusha mbali kuliko askari wengine wote, kwa kuwa ndiye Sawamura. Akafanya hivyo tena na tena. Akapigwa risasi mkono wa kushoto, akaugua malaria, akarudishwa nyumbani.

Nina kijana mmoja, simtaji, ambaye kabla ya besiboli alikuwa bingwa wa kupopoa maembe mtaani kwao. Mkono anao. Siku akirusha kupita kiasi haniambii kitu, ila akivua fulana anaanza kutoa mkono wa kushoto, halafu kichwa, na ule wa kulia anauacha mwisho, anauvulia nguo chini kama anavyovuliwa mtoto mchanga. Nikiona hivyo namweka benchi wiki nzima, ananuna. Sawamura aliporudi mwaka 1940 hakuwa na wa kumweka benchi. Hakuweza tena kurusha kutoka juu, hivyo akajifunza upya kurusha mkono ukipita ubavuni. Kasi ikapungua, akili ikafidia. Julai 1940 akarusha mechi yake ya tatu bila kuruhusu pigo, dhidi ya timu ya Nagoya.

Kwangu mimi mechi hiyo ni kubwa kuliko ile ya 1934. Mtu aliyeharibiwa mkono alikaa akaunda mrushaji mwingine ndani ya mwili uleule.

Oktoba 1941 wakamwita tena, mara hii Ufilipino. Alirudi 1943 na hata ule mkono wa ubavuni haukuwepo. Alirusha mechi nne, akapoteza tatu, hakushinda hata moja. Mikimbio ikafika wastani wa 10.64 kwa kila vipindi 9. Someni namba hiyo kando ya ile 0.81. Kati yake ni miaka sita tu. Mwonekano wake wa mwisho uwanjani, Oktoba mwaka huo, hakurusha kabisa. Alipelekwa kupiga badala ya mwenzake.

Na mwanzoni mwa 1944 klabu yake ikamwachisha.

Sentensi hiyo nimeitafuta katika maelezo ya sherehe za tuzo yenu sikuiona. Giants, klabu ambayo alikuwa nguzo yake tangu inaanzishwa, ilimwambia basi. Sidai kwamba viongozi wa 1944 walikuwa na njia nyingi. Ligi yenyewe ilikuwa inakata roho, maneno ya Kiingereza yamefutwa uwanjani, wachezaji wanavaa kofia za kijeshi, na mashindano ya kurusha mabomu ya mkono yakifanywa mbele ya watazamaji kama burudani ya kabla ya mechi. Hata hivyo alikuwa na mke, na mwaka huohuo wakawa na binti mchanga. Oktoba 1944 akaitwa mara ya tatu. Tarehe 2 Desemba meli iliyowabeba ilipigwa torpedo na nyambizi ya Marekani katika Bahari ya China Mashariki. Alikuwa na miaka 27.

Mwaka 1947 klabu ileile ikaistaafisha jezi yake namba 14, na mwaka huohuo tuzo ikaanzishwa. Mwaka 1959 akaingia ukumbi wenu wa magwiji. Heshima zote zilikuja, ila zilikuja akiwa chini ya bahari.

Sasa niambieni. Mtu huyu ndiye mnayemtumia kumwambia kijana wa leo kwamba hajarusha vya kutosha?

Mshindi wa kwanza, Bessho Takehiko wa Nankai, alipata tuzo ya 1947 kwa kumaliza mwenyewe mechi 47. Naielewa tuzo ya namna hiyo katika nchi iliyotoka kuungua. Watu walitaka kuona mtu asiyeanguka. Lakini desturi ilipozoeleka ikageuka kipimo, na kipimo kikaanza kula watu. Mwaka 1961 mlimpa Gondo Hiroshi wa Chunichi, kijana wa msimu wake wa kwanza, ushindi 35, vipindi 429. Wapenzi wa besiboli wa Japani bado wanakumbuka kibwagizo cha msimu ule: Gondo, Gondo, mvua, Gondo. Maana yake siku ambayo Gondo hakurusha, ni kwa sababu mvua ilinyesha. Mwaka uliofuata akashinda 30. Halafu mkono ukaisha. Ushindi wake wote maishani ni 82, na 65 kati yake ni wa miaka hiyo miwili. Alijaribu kucheza nafasi nyingine uwanjani, akaacha.

Gondo huyo baadaye akawa kocha, na sifa yake kubwa ikawa kukataa kuwachosha warushaji. Mwaka 1998 aliiongoza Yokohama kuwa bingwa wa Japani. Mshindi wa Tuzo ya Sawamura alitumia nusu ya pili ya maisha yake kuzuia wengine wasirushe kama alivyorusha alipoishinda. Januari 2019 mkampokea katika ukumbi wa magwiji. Oktoba ya mwaka huohuo tuzo ikakosa mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyerusha vya kutosha. Nashindwa kuamini kwamba hakuna mtu mezani aliyeyaunganisha hayo mawili.

Mwaka 2019 ulikuwa na mengi. Julai, mkoa wa Iwate, shule ya Ofunato ilifika fainali ya kwenda Koshien, mashindano ya taifa ya shule za sekondari. Mrushaji wake alikuwa Sasaki Roki, ambaye siku moja kabla alikuwa amerusha mipira 129. Kocha akamweka benchi. Ofunato ikafungwa 12-2, na simu za matusi zikamiminika shuleni. Najua aliyefanya uamuzi ule alilala vipi usiku ule, maana hata mimi kwa mechi ndogo za Jumamosi nimeshaulizwa na wazazi kwa nini namficha mtoto wao. Tarehe 10 Aprili 2022, Sasaki, wakati huo akiwa na miaka 20 na akichezea Lotte ya ligi ya kulipwa, akarusha mechi kamili isiyo na doa: wapigaji 27 wakaja, 27 wakarudi, 19 kati yao kwa straiki. Kwa mipira 105. Wiki moja baadaye alikuwa na vipindi 8 visivyo na doa, kocha wa Lotte akamtoa. Baadhi ya watu waliudhika sana. Wengine tulisimama tukapiga makofi mbele ya simu zetu.

Mtaniambia Yamamoto. Ndiyo, Yamamoto Yoshinobu aliichukua tuzo yenu mara tatu mfululizo, 2021 hadi 2023, na katika fainali za Marekani za 2025 alimaliza mchezo wa pili mwenyewe, akaanza wa sita, na usiku uliofuata akaingia tena kuufunga wa saba. Nililia. Lakini mtu wa namna hiyo anatokea kwa nadra, na msimu mzima timu yake ya Marekani, Dodgers, walimlea kwa mapumziko marefu ndipo wakamwomba mara moja, mwishoni, akiwa mtu mzima anayeweza kukataa. Kumfanya yeye kipimo cha wote ni kurudi kulekule kwa jeshi lililoona mkono mmoja mzuri likaamua uwezo wake hauna mwisho.

Na mtaniambia jambo la pili, ambalo ndilo zito: kwamba Tuzo ya Sawamura haikukusudiwa kuwa ya mrushaji bora tu, zipo tuzo nyingine za ubora, hii ni ya mrushaji aliyekamilika, anayebeba timu mgongoni. Mkiishusha, mnasema, itakuwa sawa na tuzo nyingine zote. Nakubali kwamba itabadilika. Sikubali kwamba itashuka. Ukamilifu wa Sawamura haukuwa katika kumaliza mechi. Wakati ule kumaliza mechi lilikuwa jambo la kawaida kwa warushaji. Kilichomtofautisha ni mambo mengine: kwamba akiwa na miaka 17 hakuogopa, na kwamba akiwa na bega bovu alijifundisha upya hadi akawanyima Nagoya pigo hata moja. Hayo hayamo katika vigezo saba. Kilichomo ni kile kitu kimoja ambacho enzi zake karibu kila mrushaji alikuwa nacho.

Niseme neno kando kidogo, kwa wasomaji wa huku wanaojiuliza vita vya Wajapani vinatuhusu nini. Wazee wetu, keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, walipelekwa Burma mwaka 1944 kupigana na jeshi hilohilo. Yoshihara Masaki, mdakaji wa Giants, alifia Burma mwaka huohuo. Sisemi walikutana. Nasema kwamba kati ya majina zaidi ya 60 yaliyochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu kando ya Tokyo Dome, lipo la mtu aliyefia mbali na kwao katika vita ambavyo babu zetu nao walipelekwa bila kuulizwa. Juu ya jiwe hilo yumo pia Kageura Masaru wa Tigers, mpigaji aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Sawamura, aliyefia Ufilipino Mei 1945. Na Ishimaru Shin'ichi wa Nagoya, aliyeshinda mechi 20 mwaka 1943. Ishimaru, tofauti na Sawamura, alikuwa ameandikishwa chuo cha jioni, lakini ahueni ya wanafunzi ilipofutwa naye akachukuliwa. Alikuwa na miaka 22 aliporuka na ndege ya kujitoa mhanga, isiyorudi, tarehe 11 Mei 1945. Walioshuhudia walisimulia kwamba kabla ya kupanda aliomba glavu, akarusha mipira kumi kwa mwenzake, yote straiki.

Kama ni warushaji wa kupewa jina la tuzo, mnao wengi. Mkamchagua Sawamura, na mlichagua vizuri. Basi mchukueni mzima.

Ninachoomba ni kidogo kuliko urefu wa barua hii. Kigezo cha mechi kamili kiondoeni kwenye mizani. Kitajeni katika maelezo ya mshindi akiwa nazo, asipokuwa nazo zisimhukumu. Vipindi vya msimu vibaki, maana kurusha kila wiki kuanzia Machi hadi Oktoba bila kuumia ni kazi kubwa na ya kweli, na hapo namuunga mkono mzee yeyote anayesema vijana wajitunze ili waonekane uwanjani. Pale palipokuwa na mechi kamili wekeni kitu kinachomhusu mtu mwenyewe. Mrushaji aliyerudi kutoka upasuaji wa kiwiko akabadilisha namna yake ya kurusha akafanikiwa, huyo ana haki ya kutajwa pamoja na Sawamura kuliko aliyerusha mipira 140 timu yake ikiwa mbele kwa mikimbio 9.

Na msiiache tena bila mwenyewe. Tuzo inapokosa mshindi, kinachotangazwa magazetini ni kwamba kizazi kizima hakimfikii marehemu. Marehemu huyo, katika msimu wake wa mwisho, asingefikia hata kigezo kimoja kati ya saba. Hata mlichoweka wenyewe mngemnyima.

Kwa uongozi wa Giants nina ombi tofauti. Siku ya kukabidhi tuzo, au siku yoyote mnapomkumbuka Sawamura, semeni pia yaliyotokea mwanzoni mwa 1944. Hakuna anayewadai fidia. Waliofanya uamuzi ule hawapo, na walikuwa ndani ya vita. Lakini watoto wanaopelekwa kumtazama Sawamura wanaambiwa alikwenda vitani na hakurudi, kana kwamba alitoka moja kwa moja kutoka kilimani pa mrushaji hadi kwenye meli. Kulikuwa na miezi kadhaa katikati ambapo alikuwa mtu asiye na timu. Aya moja kwenye maonyesho yenu inatosha.

Huku kwetu tumeshaanza bila kuwasubiri. Kijana akifika mipira 75 kwa siku anatoka, awe anashinda au anashindwa, na anayehesabu ni mchezaji mwenzake mwenye daftari, si mimi, kwa sababu mimi ninapotaka ushindi hesabu yangu huwa na mashaka. Wananung'unika. Mmoja ameniuliza kama kwa mtindo huo atawahi kushinda Tuzo ya Sawamura. Nimemwambia nitawauliza wenyewe.

Mkijibu, jibuni kwa Kijapani tu. Hapa Dar hatukosi wa kutusomea.

Wenu katika mchezo,
Kocha wa warushaji, timu ya vijana
Dar es Salaam